Televisheni Kuwa Kioo cha Kompyuta: Kwa Nini Maandishi Hufifia na Pindo Hukatwa

Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya umeme hapa Mombasa, tangu Mwembe Tayari hadi Kongowea, hutakosa kumsikia mteja akiuliza kama televisheni inaweza kutumika badala ya monita ya kompyuta. Swali hilo lina msingi. Televisheni ya inchi 32 ipo katika sebule nyingi, monita haipo, na kila laptopu inayopasuka kioo humfanya mwenyewe atazame ukutani na kujiuliza kwa nini anunue kioo kingine ilhali anacho kikubwa zaidi. Jibu fupi ni kwamba inaweza, tena vizuri. Hata hivyo wengi wanaojaribu hukutana na shida zilezile: maandishi yamefifia, saa ya kompyuta iliyo pembeni haionekani, kishale cha kipanya kinachelewa kuufuata mkono, rangi zinachoma macho. Hapo ndipo maneno huzagaa. Mmoja atasema televisheni ni mbovu, mwingine atailaumu kebo, na wa tatu ataonya kwamba kufanyia kazi kwenye televisheni hupofusha. Nimeyasikia yote matatu kutoka kwa watu wazima wenye nia njema, na karibu yote hayana ukweli. Shida hizo zina asili moja, na mtu akishaielewa, nyingi huondoka kwa kutumia rimoti tu.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Monita ni kioo kilichoundwa kwa kazi moja: kuonyesha kile ambacho kompyuta inakituma. Televisheni nayo ina kioo kama hicho, lakini nyuma yake mna kipokezi cha matangazo, spika, na kichakataji cha picha, yaani kompyuta ndogo inayoipokea kila picha, kuipitia na kuirekebisha kabla ya macho yako kuiona. Pikseli, ambayo nitaiita nukta, ni kidoa kidogo kabisa cha mwanga ambacho kwacho picha nzima hujengwa. HDMI ni njia ya kupitisha picha pamoja na sauti kwa kebo moja. Toleo lake la kwanza lilitangazwa mwishoni mwa mwaka 2002, na leo tundu lake lipo nyuma ya karibu kila televisheni bapa. Tundu la VGA, lile la buluu lenye mashimo 15 ambalo bado liko kwenye kompyuta nyingi za mitumba, ni kongwe zaidi: lilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, nalo hubeba picha bila sauti.

Sasa tuiangalie tofauti kuu. Monita ni kama kioo cha kujitazamia, na televisheni ni kama mpambaji wa bibi harusi. Kioo humrudishia aliyesimama mbele yake sura yake jinsi ilivyo, pasipo kuongeza wala kupunguza. Mpambaji kazi yake ni kuongeza: ataweka wanja, atachora hina, atang'arisha uso, ataficha kovu. Hakuna anayemlaumu kwa hilo, kwa sababu ndilo aliloitiwa. Televisheni ilizaliwa kuwa mpambaji kwa sababu picha zilizoifikia kwa miongo mingi zilisafiri hewani, zikafika zimechoka, zina chenga, rangi zimepauka, na mtazamaji ameketi mbali upande wa pili wa sebule. Kichakataji kikawekwa kuondoa chenga, kunoa kingo, kukoleza rangi na kulainisha mwendo wa mpira uwanjani. Lakini picha inayotoka kwenye kompyuta imefika ikiwa safi, kila nukta mahali pake. Ukiipamba unaiharibu, kama vile barua ya benki ambayo mtu ameipaka rangi kabla hujaisoma.

Kutumia televisheni kwa kompyuta si jambo geni hata kidogo. Kompyuta za nyumbani zilizotoka mwaka 1982, kama vile ZX Spectrum ya Uingereza na Commodore 64 ya Marekani, zilichomekwa kwenye televisheni ya sebuleni kupitia tundu la antena. Waundaji wake walijua udhaifu wa kioo walichokuwa wakikitegemea, ndiyo maana ya kwanza ilionyesha herufi 32 tu kwa mstari na ya pili herufi 40, zote nene. Barua pepe ya leo huweza kuwa na herufi mia na zaidi katika mstari mmoja. Sisi tunaidai televisheni kazi ambayo waundaji wale hawakuthubutu kuidai, na kwa bahati televisheni za leo zinaiweza, mradi zielekezwe.

Jambo linalowachanganya watu kuliko yote ni ukubwa. Wengi huamini kwamba kioo kikubwa huonyesha zaidi. Kinachohesabiwa si inchi, ni nukta. Fikiria sahani moja ya pilau. Ukiimimina katika sinia ndogo, wali unajaa na kukaa pamoja. Ukiimimina ileile katika sinia ya watu wanane, hujapata wali zaidi. Umeutandaza, na chini ya sinia kunaonekana. Televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla 1,049,088. Monita ya kawaida ya inchi 24 ina 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Kioo kidogo kina wali takriban maradufu, tena katika sinia ndogo. Kwa hiyo nukta moja ya televisheni hiyo ina upana wa karibu nusu milimita, ilhali ya monita ni kama robo milimita na ushei. Mtu aliyeketi karibu ataziona nukta za televisheni moja moja, kama mishono ya kofia, na herufi ndogo zitaonekana zimechongwa kwa shoka.

Hapa umbali ndio huamua. Jicho zima, lisilo na kasoro, huacha kutenganisha nukta mbili pembe zinayoichukua machoni inapokuwa ndogo kuliko sehemu moja ya sitini ya digrii moja. Ukipiga hesabu hiyo, televisheni ya inchi 32 yenye nukta 768 huanza kuonekana laini ukiwa umekaa umbali wa mita 1.8 hivi, wakati monita ya inchi 24 niliyoitaja huwa laini kuanzia chini kidogo ya mita moja. Mezani watu wengi huketi umbali wa sentimita 60 tu, au urefu wa mkono. Ndiyo sababu televisheni ileile inayopendeza wakati wa taarifa ya habari hukera inapowekwa mezani: hukuinunua ikiwa mbovu, umeisogelea kuliko ilivyokusudiwa. Ukirudi nyuma nukta zinatoweka, lakini herufi nazo zinakuwa ndogo, na hapo itabidi uiambie kompyuta ikuze maandishi hadi asilimia 125 au 150, ambayo ni mipangilio ya dakika moja katika Windows.

Picha hubadilika kabisa televisheni inapokuwa ya 4K, maana yake nukta 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400. Televisheni ya 4K ya inchi 43 ina nukta zilizosongamana zaidi hata kuliko monita ya inchi 24 tuliyoitaja. Sinia imekuwa kubwa, na wali umeongezwa mara nne. Kioo cha namna hiyo huweza kukaa mezani na kuonyesha kurasa nne kubwa kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu, mtu anayefanya kazi ya hesabu, tafsiri au uhariri, aliye na meza pana ya kutosha, atapata katika televisheni hiyo faida ambayo monita ya kawaida haimpi. Lakini inchi 43 yenye nukta 1920 kwa 1080 ni jambo jingine: hiyo ina nukta za karibu nusu milimita, sawa na ile ya inchi 32 ya 768, na ni ya kutazamwa kutoka kwenye kochi.

Kuna maandishi kwenye maboksi ambayo yamewapoteza wengi, nayo yanastahili kusomwa taratibu. Boksi huweza kuandikwa kwamba televisheni inakubali picha ya 1080p. Kukubali si kuonyesha. Maana yake ni kwamba ukiitumia picha ya nukta 1920 kwa 1080 itaipokea, kisha itaipunguza iingie katika nukta 1366 kwa 768 ilizo nazo. Katika kupunguza huko, mstari mwembamba wa nukta moja uliokuwa na mahali pake sasa unaangukia kati ya nukta mbili, na televisheni hulazimika kuugawa, huku kidogo na huku kidogo, ukawa kijivu badala ya kuwa mweusi. Herufi zimejengwa kwa mistari ya namna hiyo. Unapotaka kujua ukweli, usiulize televisheni inakubali nini. Uliza kioo chenyewe kina nukta ngapi. Ikiwa unayo tayari na ni ya 768, angalia katika mipangilio ya kompyuta kama 1366 kwa 768 ipo miongoni mwa chaguo, kwa sababu baadhi ya televisheni huikubali kupitia HDMI, na hapo kila nukta ya kompyuta hupata nukta yake.

Sasa nifike kwenye saa iliyopotea. Kijana wa jirani yangu hapa Majengo, mwanafunzi wa chuo, alivunja kioo cha laptopu wiki chache kabla ya kukabidhi kazi yake ya mwisho. Akaichomeka kwenye televisheni ya kwao, kisha akanijia mlangoni na kusema, "Ami, TV imekula saa." Nilikwenda. Kweli, ukanda wa chini wa Windows, ule wenye alama ya kuanzia upande mmoja na saa upande wa pili, ulikuwa umekatwa katikati kwa urefu. Vichwa tu vya alama ndivyo vilivyoonekana. Kitufe cha kufungia dirisha, kilicho pembe ya juu kulia, nacho kilikuwa nusu. Alikuwa amekwisha kubadilisha kebo mara mbili, na aliyemuuzia ya pili alimhakikishia kwamba televisheni imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Wanawake wa Mombasa wataelewa upesi nikisema kwamba picha ya kompyuta ni kama leso: ina mji katikati na ina pindo kuzunguka, na fundi akiikunja kingo ili kushona, pindo ndilo linalopotea. Televisheni nzito za zamani, zenye bomba la kioo na mgongo mrefu, hazikuweza kuchora kingo zilizonyooka. Picha ilipinda pembeni, na ilitanuka au kusinyaa kadiri umeme ulivyopanda na kushuka. Watengenezaji wakaamua kuikuza picha kidogo ipite mipaka ya kioo, ili ubovu wa kingo ufichike nyuma ya fremu, na watangazaji nao wakazoea kuweka maandishi yao mbali na ukingo. Mabomba yameondoka, lakini desturi imebaki. Televisheni bapa nyingi bado hukunja pindo la picha ya HDMI, ingawa hazina tena kingo mbovu za kuficha.

Hebu tupige hesabu ya hasara. Ikiwa televisheni inakunja asilimia 5 ya picha yenye mistari 1080, mistari 54 inatoweka: 27 juu na 27 chini. Ukanda wa chini wa Windows 10 una kimo cha nukta 40 kwa kawaida yake. Zaidi ya nusu yake imekwenda, sawasawa na nilivyoona kwa yule kijana. Hasara ya pili ndiyo wengi hawaitambui. Mistari 1026 iliyobaki lazima itanuliwe ijaze kioo cha mistari 1080, na katika kutanuliwa huko kila herufi ya ukurasa, hata iliyo katikati kabisa mbali na ukingo, inahamishwa kutoka kwenye nukta zake na kufifia. Kwa maneno mengine, pindo kukatwa na maandishi kufifia ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili, na dawa yake ni moja.

Dawa hiyo imo katika rimoti, penye mipangilio ya ukubwa wa picha, ingawa kila mtengenezaji ameipa jina lake. Katika televisheni nyingi za LG imeandikwa "Just Scan", katika za Samsung "Screen Fit", katika za Sony "Full Pixel". Yote yana maana moja: onyesha picha jinsi ilivyo, bila kukunja. Nilipobonyeza, picha yote ilisinyaa kwa upana wa kidole, saa ikatokea pembeni, na papo hapo maandishi yakakaza kana kwamba mtu amefuta ukungu kwenye kioo. Kijana aliishika ile kebo ya pili mkononi bila kusema kitu. Tafadhali usilitibu tatizo hili upande wa kompyuta kwa kuipunguza picha mpaka iingie kwenye fremu, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya. Saa itaonekana, ni kweli, lakini picha itakuwa imebanwa na kompyuta kisha kutanuliwa na televisheni, na maandishi yatafifia zaidi ya mwanzo.

Baada ya pindo, waondoe wapambaji wengine. Katika mipangilio ya picha mna kipimo kiitwacho "Sharpness", na jina lake linaahidi ukali wa picha. Kinachofanya ni kuchora kivuli cheupe kuzunguka kila ukingo mweusi. Kwa sura ya mtu aliye mbali huleta uhai. Kwa herufi huleta mwangwi, kila neno likawa na pacha hafifu kando yake. Kishushe polepole huku ukitazama herufi moja nene, mpaka kile kivuli kitoweke, kisha kiache hapo. Mtindo wa rangi kali unaowekwa ili televisheni ing'ae dukani uubadilishe uwe wa kawaida au wa sinema, na mwangaza uupunguze. Kioo kilichopimwa kwa sebule yenye jua la saa saba mchana ni kikali mno kwa mtu aliyekikaribia usiku.

Mpambaji aliyejificha kuliko wote anahusu rangi. Jicho la mwanadamu hutambua tofauti za mwanga kwa umakini mkubwa kuliko tofauti za rangi, na wahandisi wa matangazo wameitumia siri hiyo kwa muda mrefu ili kupunguza mzigo: wanatuma mwanga wa kila nukta, lakini rangi moja kwa kila kundi la nukta nne. Ni kama mchoraji anayechora umbo la jahazi kwa kalamu nyembamba kisha analipaka rangi kwa brashi pana. Ukiwa mbali, huoni kasoro. Lakini andika neno kwa herufi ndogo nyekundu juu ya buluu, na brashi pana inajionyesha: rangi inamwagika nje ya herufi, na neno halisomeki. Baadhi ya televisheni huifanyia hivyo hata picha ya kompyuta, kwa sababu hazijui kwamba kilichochomekwa ni kompyuta. Katika nyingi za Samsung na LG unaweza kuziambia: nenda kwenye orodha ya matundu, chagua lile la HDMI unalotumia, na ulibadilishe jina au alama yake iwe "PC". Televisheni itaacha brashi pana na kuipa kila nukta rangi yake. Hatua hii haielezwi na wauzaji ninaokutana nao, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko kebo yoyote ya bei ghali.

Alama hiyohiyo ya "PC", au mtindo wa michezo uitwao "Game", hutibu pia ucheleweshaji. Chanzo chake ni rahisi kukielewa. Picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, na kila moja hukaa kwenye kioo kwa takriban milisekunde 17. Televisheni inayotaka kulainisha mwendo hutunga picha za katikati, na haiwezi kutunga iliyo kati ya ya kwanza na ya pili mpaka ya pili iwe imefika. Lazima isubiri. Ikishikilia picha tatu ili izipitie, milisekunde 50 zimekwisha. Ikishikilia sita, ni 100. Kwa mpira wa miguu hakuna anayejali, kwa maana sauti nayo hucheleweshwa iende sambamba. Kwa kipanya, mkono umekwisha kusimama na kishale bado kinatembea, na baada ya saa moja ya kazi mtu huchoka bila kujua kilichomchosha.

Kuhusu kebo, imani iliyoenea ni kwamba yenye ncha za dhahabu huleta picha nzuri zaidi. Picha ya HDMI husafiri kama tarakimu. Gari likivuka Likoni kwa feri kuukuu au kwa feri mpya, likifika ng'ambo rangi yake ni ileile. Swali ni kama limevuka au halikuvuka. Kebo dhaifu hujulikana kwa picha kukatikakatika, kumetameta kwa vidoa, au kioo kuwa cheusi kwa sekunde kadhaa, na haiwezi kufifisha herufi. Kinachotofautiana ni uwezo wa kubeba mzigo. Matundu ya HDMI ya toleo la 1.4 la mwaka 2009 hubeba picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde, na kishale huonekana kikiruka badala ya kutelezea. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 hubeba mara 60. Vyote vitatu, yaani kompyuta, kebo na tundu la televisheni, sharti viweze, na kile kilicho dhaifu ndicho kinachoamua. Wala hakuna kebo inayoweza kuigeuza televisheni ya 768 kuwa ya 4K.

Tundu la HDMI la laptopu nalo hueleweka vibaya. Ni la kutoa picha tu. Kuunganisha laptopu mbili ili moja iwe kioo cha nyingine ni kama kuunganisha mifereji miwili ya maji mdomo kwa mdomo. Kompyuta kongwe yenye VGA pekee itahitaji kigeuzi chenye saketi ya umeme ndani yake ili kuingia kwenye HDMI, kwa sababu waya mtupu hauwezi kuigeuza picha ya mawimbi kuwa tarakimu. Na katika laptopu mpya zenye tundu la USB-C, si kila tundu la umbo hilo hutoa picha. Mengine ni ya chaji na faili tu.

Ukishachomeka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague kama unataka vioo viwili vionyeshe kitu kimoja, vigawane kazi, au televisheni ifanye kazi peke yake. Sauti isiposikika, ibadilishe katika alama ya spika ya kompyuta. Njia zisizo na waya, kama vile Miracast, zinafaa kuonyesha picha za harusi kwa wageni, lakini kwa kuandika zina ucheleweshaji ambao mtindo wa "Game" hauwezi kuuondoa.

Hofu ya macho inahitaji kujibiwa kwa heshima, kwa sababu ina historia ya kweli. Mwaka 1967 ilibainika Marekani kwamba televisheni nyingi za rangi za General Electric zilikuwa zikitoa miale ya eksirei kupita kiwango, na watu wakaonywa wasikae karibu. Onyo hilo lilisafiri dunia nzima na kufika hadi kwa bibi zetu. Miale ile ilitokana na umeme wa nguvu nyingi uliokuwa ukiendesha televisheni za bomba, na televisheni bapa haina bomba hilo. Kinachochosha macho leo ni kwamba mtu anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache, yakakauka. Madaktari wa macho hushauri kila baada ya dakika 20 utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Kwa mwenye televisheni mezani ningeongeza kwamba ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, kwa maana kioo cha ukutani kilichopangwa kwa watu wa kwenye kochi humvunja shingo aliye mezani.

Kwetu pwani yako mawili zaidi. Hewa ya chumvi hula ncha za kebo, na kebo iliyokaa miezi bila kuguswa huanza kukatiza picha. Kuichomoa na kuichomeka tena mara kadhaa, vifaa vyote vikiwa vimezimwa, mara nyingi hutosha. Na kwa kuwa televisheni za mitumba huingia hapa kutoka nchi nyingi, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka: umeme wetu ni voti 240, na televisheni iliyoandikwa voti 120 pekee haitamaliza dakika moja. Vilevile, kama ni ya OLED, yaani aina ambayo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, jua kwamba ukanda wa chini wa Windows usiobadilika kwa muda wa saa nane kila siku huweza kuacha alama ya kudumu kwenye kioo. Ufiche ujitokeze pale tu unapouhitaji. Za LCD, zinazomulikwa kwa taa ya nyuma na ambazo ndizo nyingi, kwa kawaida hazina shida hiyo.

Anayekwenda kununua na aende na laptopu yake na kebo yake. Kabla ya kutoka nyumbani, atengeneze ukurasa mmoja wenye ukubwa wa kioo kizima: mstari mwembamba mweupe unaozunguka kingo zote nne, na katikati maneno machache ya herufi ndogo nyekundu juu ya buluu. Dukani aombe rimoti, azime ukunjaji wa pindo, alipe tundu alama ya "PC", kisha avute kiti hadi umbali atakaoketi nyumbani. Mistari yote minne ionekane, na yale maneno mekundu yasomeke bila kuinama mbele. Jaribio hilo halizidi dakika tano.